Kibanda Kisichovuja cha Mwalimu

Mtu wa kwanza kunionyesha kwamba hewa inaweza kuua alikuwa Mwalimu. Nilikuwa darasa la nne. Alitutoa nje, akatupeleka nyuma ya shule ambako mawe meusi ya volkano yalikuwa yameacha shimo pana lenye majani, akatupanga ukingoni na kutukataza kusogea. Alikuwa na fito ndefu, na kwenye ncha yake amefunga kopo la maziwa lenye mshumaa unaowaka. Akaiteremsha fito taratibu. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Ule moto ulipofika usawa wa majani ulilegea, ukasinyaa, ukazima. Akaupandisha, akauwasha, akauteremsha tena, ukazima palepale.

"Mumeona?" akasema. "Hii njo mazuku. Haina rangi, haina kelele. Inalala chini sawa maji mu beseni. Mbuzi inainama kula majani, haiinuke tena. Pua haitakuambia kitu. Mushumaa njo itakuambia."

Kila mtoto wa Goma amesikia habari za mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mashimoni. Lakini sisi tuliiona ikila moto, mchana kweupe, na hakuna aliyecheka. Nilipofika nyumbani niliwakataza wadogo zangu kucheza kwenye mtaro, wakanishtaki kwa mama, na mama akanitandika kwa kuwatisha watoto.

Habari za ukoo wake nawaachia wenye ukoo. Mimi namjua Mwalimu wa ubaoni, kisha namjua Mwalimu jirani yangu wa Majengo, ambaye alipoacha chaki alihamia kwenye viazi. Alikuwa na shamba Kibumba, juu kwenye njia ya Rutshuru, na alikuwa na trakta ndogo aliyoipata chama cha wakulima kilipovunjika na kila mtu akachukua alichoweza kukokota. Injini ya asili ilikuwa imekufa zamani. Fundi mmoja aliipandikizia injini ya petroli ya gari dogo, na bomba la moshi, kwa kukosa nafasi pengine, likapitishwa chini ya miguu ya dereva. Ilikuwa ikikohoa kama mvutaji wa tumbaku, lakini ililima. Jina lake alilijua kila mtu kuanzia kwetu hadi Kiwanja, na bado hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwalimu, basi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la sufu hata jua likiwa linachoma. Kwenye mfuko wa kulia wa koti kulikuwa na kibiriti, na kwenye mfuko wa kushoto kipande cha mshumaa. Hakuvuta sigara. Watu wengine hutembea na rozari, yeye alitembea na vitu hivyo viwili. Ukichimba choo, ukifukua msingi wa nyumba, ukitaka kuingia kwenye ghala la zamani lililofungwa, unamuita. Anafika, anapiga magoti, anawasha, anasema neno lake lile lile: "Tuulize mushumaa." Halafu sote tunaukodolea moto macho, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Na tusimcheke, maana mshumaa ule uliokoa watu. Wakati mmoja mapigano yalipowafukuza wakulima wa Kibumba, walishuka na magodoro yao hadi pembeni mwa mji, wakasimamisha vibanda vya shitingi, yale maturubai ya plastiki, popote penye uwazi. Wengine walichagua bonde lenye majani kwa sababu lilikuwa limekingwa na upepo. Mwalimu alipita hapo akielekea kwenye mambo yake, akasimama, akaomba fito. Mshumaa ukazima kabla haujafika chini. Akawaambia watoke. Mama mmoja mwenye watoto akamjibu kwamba amechoka kukimbia, amekimbia bunduki, sasa hatakimbia tena hewa. Mwalimu aliingia, akabeba sufuria ya yule mama, akabeba mtoto mmoja, akapanda navyo juu ya mawe, akaketi akimsubiri. Yule mama akapanda akimtukana. Asubuhi kuku aliyesahauliwa bondeni alikutwa amelala ubavu, mkavu, bila jeraha. Mama yule bado yupo mjini, anauza sombe, yaani majani ya muhogo, na hadi leo huwa hamalizi kusimulia kisa hicho bila kufuta macho.

Ndiyo maana nasema kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutilia shaka mshumaa wa Mwalimu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Watu wa bunduki hawakumtisha. Siku moja tulikuwa nyuma ya trakta yake, mimi na magunia ya kabichi, tukafika kwenye kizuizi. Askari kijana, macho mekundu, amesimama ndani ya mtaro, akamwamuru ashuke.

"Siwezi kushuka fasi uko," Mwalimu akamwambia. "Hapo ni chini. Panda huku juu kwanza, njo tuzungumuze."

"Muzee, uko naniamuru miye?"

"Miye niko nakufundisha. Uko nasikia usingizi hapo, ao hapana?"

Askari akamtazama, akatazama miguu yake, akapanda juu. Mwalimu akawasha mshumaa, akaushusha mtaroni, nao ukaendelea kuwaka vizuri tu. "Leo hakuna," akasema, kana kwamba anamfanyia utafiti. Tukapita. Mimi nilikuwa bado nimejikunyata kati ya magunia ya kabichi, na yeye alikuwa amekasirika kwamba mvua inakaribia.

Kwa sababu mvua ndiyo aliyoiogopa, na hapo hakuwa mwalimu wa mtu yeyote. Mapafu yake yalikuwa yamemlaza hospitali zaidi ya mara moja, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akilowana tena na kupigwa na baridi ya Kibumba, asilete lawama kwa mtu. Kule juu mvua huja na ukungu, na volkano ikitapika, inakuja na majivu yanayouma macho na kutoboa mabati. Juu ya trakta hakukuwa na chochote ila kiti cha chuma. Mtu angesema auze trakta akae nyumbani. Nilimwambia hivyo, na kwa maneno makali kuliko haya. Alinijibu kwamba mtu akikaa nyumbani akisubiri mapafu yake, mapafu yatakuja kumchukua hapo hapo nyumbani. Tangu siku hiyo akaanza kujenga kibanda.

Aliijenga trakta kama tunavyojenga nyumba Goma. Nyumba zetu ni za mbao, na mbao zetu zina alama za chaki, kwa sababu tumezoea kuzibomoa, kuzipakia na kuzipigilia tena mahali pengine, iwe lava imeshuka au watu wameshuka. Mwalimu alichukua mbao za baraza lake mwenyewe, zikiwa bado na alama zake za miaka iliyopita. Mke wake, tunayemuita Mama Mwalimu, alisimama uani mikono kiunoni.

"Beranda yangu yote imepanda ku trakta," akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia yeye. "Wageni banaikala ku mawe. Na ikisha hapo atachukua kitanda."

"Kitanda hapana," Mwalimu akajibu bila kugeuka, misumari mdomoni. "Kitanda iko nzito."

Kioo cha mbele kilitoka kwenye basi dogo lililopinduka njiani kwenda Rutshuru. Bawaba za mlango zilitoka kwenye kabati la shule. Paa lilikuwa bati moja lililokunjwa pembeni ili maji yasipige dirisha. Alitengeneza hata kifuta-maji cha kioo: kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki juu ya waya mnene, na mkono wa mbao ndani, wa kuvuta huku na huku. Alikivuta mbele yangu mara nyingi, akicheka peke yake kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Nilimpenda sana siku hiyo, na nimeamua kulisema hapa kwa sababu sikumwambia.

Mimi nilishona pande. Kazi yangu ni shitingi: maturubai ya malori, mapazia ya vibanda, vifuniko vya mizigo. Nilimshonea pande mbili zenye mikanda, mgongo ukabaki nusu wazi kwanza, na aliniita kupima kila jioni. Palipokuwa na mwanya mwembamba kama kidole alileta udongo na matambara, akaziba. Baridi haikutakiwa kupata hata pa kuchungulia. Nikamuuliza, na wala si kwa hekima, ni kwa kutaniana tu: "Mwalimu, na weye utapumulia wapi?"

Alifurahi kuulizwa. Alinionyesha sakafuni, kati ya pedali, tundu alilokuwa amelikata kwa msumeno, la ukubwa wa sahani.

"Hewa mubaya inaenda wapi?" akaniuliza, kwa sauti ile ya darasa la nne.

"Chini, Mwalimu."

"Basi nimeifungulia mulango chini. Itashuka yenyewe, itamwangika sawa maji. Juu naziba, chini naacha. Kuna mutu wa Goma anaweza kukosa hiyo?"

Hakuna mtu wa Goma ambaye angeikosa. Nilitikisa kichwa, Mama Mwalimu akatikisa, hata fundi aliyekuja kukaza bawaba akasema ni akili. Kisha Mwalimu akawasha injini, akafunga mlango, akaweka kopo lake la mshumaa sakafuni karibu na lile tundu, akakaa muda mrefu akilitazama. Moto ulisimama wima. Akatoka anang'aa. "Nimeuliza mushumaa," akasema. Akalipigilia kopo lile sakafuni, likae hapo siku zote.

Majirani walikuja kutazama. Kibanda kilipakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa kanisa, na kwa mbali kilionekana kama kibanda cha kuuza vocha kilichopata magurudumu. Watoto walikiita kanisa dogo. Mwalimu alipita nacho Majengo mvua ikinyesha, mkavu ndani ya koti lake, akivuta kifuta-maji, na watu waliokuwa wamejibanza chini ya paa za maduka walimpigia makofi.

Halafu kichwa kikaanza kumuuma.

Mwanzoni alisema ni macho. Akabadilisha miwani. Halafu akasema ni malaria, akameza dawa. Alikuwa anarudi kutoka Kibumba akiwa mzito, anakaa juu ya mawe uani bila kuvua viatu, anatapika kidogo, anasema ni uzee. Mimi nilianza kuona mambo madogo ambayo sikuyapenda. Mwalimu ambaye mistari yake ya kulima ulikuwa unaweza kuiwekea rula, alikuwa anarudi nyuma kurekebisha. Aliniuliza swali, nikamjibu, akaniuliza tena lile lile. Na kila alipoumwa, dawa yake ilikuwa moja: baridi inaingia mahali, itafutwe izibwe.

Mama Mwalimu ndiye aliyeona jambo ambalo lilinifanya nisilale vizuri.

"Siku ya Mungu kichwa haimulume," aliniambia, akimaanisha Jumapili, tukiwa tunachambua maharage. "Siku ya Mungu anakula, anaimba, anacheka na batoto. Akipanda ku ile kitu tu, kichwa inarudia. Miye nasema mutu alimutupia kitu. Baliona wivu."

Alimwita mchungaji. Mchungaji akaja na waumini, wakaizunguka trakta wakiomba kwa sauti, wakaitemea na maji. Mwalimu alisimama kando, mikono mfukoni, mwenye adabu kabisa. Maisha yake yote aliwacheka watu wanaoogopa vitu visivyoonekana kwa sababu mtu fulani kawaambia. Walipoondoka alinikonyeza, akaingia kibandani, akawasha injini na mshumaa. Ukawaka. Alitoka akaniambia kwamba hakuna pepo na hakuna hewa mbaya, ni mgongo wa kibanda tu ndio unaoingiza baridi, pale nyuma ambapo bado palikuwa wazi nusu. Akaniomba nishone kipande cha mwisho.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hasira hunipanda. Baadaye muuguzi wa kituo cha afya alinieleza, taratibu, kama anavyomweleza mtu aliyefiwa. Mazuku huzima moto, na hukaa chini. Lakini moshi wa injini ya petroli una sumu nyingine ndani yake, ambayo haizami kama mazuku, inajaa chumba kizima, na hata ikitosha kuua mtu, mshumaa hauisikii. Unawaka tu. Na tundu lililokatwa sakafuni ili hewa mbaya itoke, lilikuwa juu kabisa ya bomba la moshi. Hakuitolea hewa mbaya mlango. Aliifungulia iingie, halafu akaziba kila mahali ambapo ingeweza kutokea. Alikosea kwa lile lile alilolijua vizuri kuliko sisi wote, lililokuwa limeokoa watu. Mtu wa mji mwingine, asiyejua mazuku, pengine angeweka dirisha juu kama watu wote na leo angekuwa anakohoa uani kwake.

Sijilaumu. Nimejaribu kujilaumu, haikubali. Nilishona kile kipande cha nyuma kwa uzi wa mara mbili, vizuri, kwa upendo, kama alivyoniagiza. Aliposhika mkanda wa mwisho na kuuvuta, kelele zote za nje zilikatika ghafla, na tulibaki sisi wawili ndani tukisikia pumzi zetu.

"Umesikia?" akasema. "Ku nyumba yangu hakuna kimya sawa hii."

Nilitaka kutoka haraka. Nilifikiri ni kwa sababu ya joto.

Mara ya mwisho ilikuwa mchana. Nilikuwa nimepanda Kibumba na pikipiki kumpelekea mteja turubai la lori, na tukiwa tunarudi, mvua ikatushukia, ile ya kule juu, ya mawe, inayopiga kofia ya chuma kama kokoto. Motari, dereva wa pikipiki, akapunguza mwendo. Pembeni, juu ya shamba la viazi, nikaiona ile bluu. Trakta ilikuwa imesimama katikati ya mstari na injini inanguruma polepole. Nilijua anachofanya, alikuwa amekwisha kuniambia: mvua ikiwa kali yeye haizimi injini, anakaa ndani apate joto hadi ipite.

"Twende kwa Mwalimu," nikamwambia motari. "Kule ndani kumekauka."

Tukaiacha pikipiki, tukakimbia juu ya matuta, kipande cha shitingi kimetufunika vichwa. Nilikuwa nacheka, nasema kweli. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumchokoza, kwamba abiria wamefika, afungue kanisa lake. Tulipokaribia niliona kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani. Kifuta-maji kilikuwa kimesimama katikati, na maji yalikuwa yanamwagika juu yake bila mtu kuyajali. Hapo kicheko kikaniisha.

"Mwalimu! Fungua, ni siye!"

Niligonga. Motari akagonga. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, tukauvuta wote wawili hadi bawaba za kabati la shule zikang'oka. Joto lilitupiga usoni, na harufu ya petroli. Alikuwa ameketi wima, kofia kichwani, mkono mmoja bado juu ya ule mkono wa mbao. Mkavu kabisa. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyepona.

"Mazuku!" motari akapiga kelele. "Tumuinue! Tumupandishe juu!"

Tulifanya kama alivyotufundisha. Mtu aliyepigwa na mazuku halazwi chini. Tulimtoa, tukambeba mabegani, tukapanda naye kwenye ukuta wa mawe ya lava ulio mpakani mwa shamba, mahali pa juu kuliko pote, tukamkalisha kichwa kikiwa wazi kwenye upepo. Wakulima waliokuwa wamejikinga chini ya miti wakaja wakikimbia. Mama mmoja alimpepea kwa kanga. Mvua ilimpiga usoni, ikaingia kwenye shingo ya koti, ikamlowesha mwili mzima, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakulalamika. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, ambalo sikuwahi kulitumia. Motari aliweka sikio kifuani mwake, akaliacha hapo muda mrefu, kisha akavua kofia yake ya chuma.

Injini ilikuwa bado inanguruma kule chini. Sikuweza kuvumilia sauti ile. Nilishuka peke yangu, nikaingiza mkono kupitia mlango uliong'oka, nikazima.

Sakafuni, kati ya pedali, ndani ya kopo lake, mshumaa ulikuwa unawaka. Moto ulikuwa mzuri, mrefu, umesimama wima. Niliinama na kuupuliza.